Odetha na Bibi Aliyejikunyata

Kitanga, Kasulu
Jumamosi, baada ya adhuhuri

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Barua hii nimeiandika kwa herufi kubwa ili Zubeda aisome kwa sauti, siyo kwa kunong'ona kama anavyosoma meseji zake. Goti lako linaendeleaje? Dawa ya kuchua niliyokuagizia ilifika, au kondakta kachulia goti lake? Na baba mdogo, presha imetulia au bado anagombana na daktari kuhusu chumvi? Nijibuni moja moja. Kwenye simu mnaniambia wote wazima, halafu nasikia kwa watu kwamba mama hakutoka ndani siku kadhaa.

Mimi mzima, na nimenenepa kidogo. Nazi huku naiona kwa nadra sana, ila mawese yameniingia, na maharage ya huku ukiyapika na mawese unasahau ulikuwa unalalamikia nini. Baridi ndiyo bado hatujapatana. Asubuhi naingia darasani na sweta, na kanga juu ya sweta, na wanafunzi wangu wananitazama wao wakiwa na mashati tu. Maji nachota bondeni, na kupanda nayo nimeshazoea, ingawa siku ya kwanza nililia njia nzima na sikukwambia.

Nimeamua kuandika badala ya kupiga kwa sababu mtandao wetu unapatikana ukisimama juu ya kichuguu nyuma ya zahanati. Habari niliyo nayo siwezi kuisimulia kichuguuni huku watu wanapita na mbuzi na kuniuliza nimefiwa au vipi. Mwalimu mwenzangu anakwenda likizo kwao Korogwe, ndiye atakayekufikishia karatasi hii. Mpe chai nzuri, mama, amebeba mambo makubwa.

Habari yenyewe ni kwamba mwanao ameshinda. Sijashinda bahati nasibu, kwa hiyo Zubeda asianze kuniagizia simu. Nimeshinda darasani, na raha niliyo nayo tangu juzi sijui niiweke wapi.

Kuna mtoto kwenye darasa langu la pili anaitwa Odetha. Ni mrefu kuliko wote, wenzake wa rika lake wako darasa la nne, na yeye amekaa kwenye dawati ambalo magoti yake hayaingii. Babu zake walitoka Burundi, sasa familia ni raia, wanalima muhogo na maharage kama kila mtu hapa. Nyumbani kwao wanaongea Kirundi, majirani wanaongea Kiha, na hizo lugha mbili zinasikilizana kama Kisambaa na Kibondei. Kiswahili mtoto anakutana nacho kwenye geti la shule.

Sasa huyu Odetha, ukimpa kitabu anakusomea. Anatamka maneno yote safi, hakwami. Ukimuuliza neno fulani maana yake nini, anainamisha kichwa na kunyamaza mpaka unaona aibu wewe uliyeuliza. Mwalimu Mkuu wetu, mtu wa Tarime, mkali lakini si mbaya, aliniambia, "Mwalimu, mtoto anayesoma asichokielewa hajui kusoma." Na hapo alisema kweli. Akaongeza kwamba Afisa Elimu Kata atakuja kabla ya shule kufungwa, na kila atakayeshindwa kueleza alichosoma atarudi darasa la kwanza. Odetha alikuwa ameshawahi kurudishwa. Baba yake naye alishatuma neno shuleni kwamba akirudishwa tena kukaa na watoto wanaong'oka meno ya utoto, atabaki nyumbani, jembe lipo.

Mama, unanijua. Nikisikia jembe lipo, mimi silali.

Hapa shuleni maneno magumu yalikuwa yanafundishwa kwa kuimba. Mwalimu anaandika ubaoni neno na maana yake, watoto wanaimba mpaka kuku wa jirani wanajua. Wiki inayofuata linakuja neno jingine na hawajui pa kuanzia, kwa sababu huwezi kuwaimbia maneno yote ya Kiswahili. Kwenye semina Kibondo tulifundishwa njia nyingine. Mtoto akikutana na neno geni asikimbilie kwa mwalimu. Asome yaliyotangulia na yanayofuata, aangalie picha, aitafute maana mwenyewe. Nilirudi Kitanga nimejaa moto.

Siku ya kwanza nikawapa hadithi ya mama anayepika. Sentensi inasema maharage yalipoiva, mama alishika vitambaa, akaepua sufuria, akaliacha jiko likipoa. Na picha hiyo hapo, mama ameinua sufuria, moto unawaka chini, mvuke unatoka. Kitu gani tena kimebaki? Nikauliza, "Mnadhani kuepua ni kufanya nini?" Kimya. Nikawaambia wakisie tu, hakuna kosa. Kimya zaidi. Nikawataja kwa majina mmoja mmoja, na kila mmoja akasimama, akatazama vidole vya miguu, akakaa. Nikajua wamekusudia kuniudhi. Nilifunga kitabu kwa kishindo nikatoka nje kupunga upepo.

Jumapili nikaenda kwao Odetha kumuomba baba yake asifanye haraka na hilo jembe. Nilimkuta anapukuchua maharage ya kupeleka gulio la Kibondo. Akaniletea kiti, akaniuliza nimeamkaje, na wa nyumbani kwetu wameamkaje, na huko kwetu Muheza mvua inanyesha. Nikamweleza tatizo, kwamba binti yake haongei. Nikamwambia namtaka akisie tu.

Akaacha kupukuchua. "Mwalimu, akisie?"

"Ndiyo. Aseme anachodhani."

"Oya," akasema. "Hapana. Hilo mimi nimewakataza. Mtoto wangu haruhusiwi kumwambia mtu mzima kitu asichokijua. Huo ni uongo."

Akanieleza taratibu, hana hasira. Alipokuwa mdogo kwenye kambi ya wakimbizi, familia zilikuwa zinaitwa kuulizwa maswali, umetoka kijiji gani, kilima gani, jirani yako nani. Mzee wake aliulizwa jina la mto, hakulikumbuka vizuri, akaona aibu kukaa kimya mbele ya wakubwa, akakisia. Jina likaonekana si lenyewe, wakamwona mwongo, na familia nzima ikawekwa pembeni isubiri tena. "Tangu hapo nyumbani kwetu sheria ni moja. Sema ulichokiona. Usichokiona, nyamaza. Na majirani hapa nao ni hivyo hivyo, mwalimu, hata kama hawakupita kambini. Mtoto anayesema ovyo mbele ya mkubwa anachapwa."

Kumbe wiki nzima nilikuwa nawaambia watoto wa watu waseme uongo mbele yangu, na wao kwa adabu zao wamekataa. Halafu mimi ndiye niliyefunga kitabu kwa kishindo!

Njiani kurudi nilitembea naongea peke yangu kama mwendawazimu. Sema ulichokiona. Haya, mbona picha inaonekana? Mbona maneno jirani yanasomeka? Hakuna haja ya kukisia. Hawa watoto wanajua baraza la kijiji, wameona kesi za mbuzi kula mahindi ya watu zinavyoamuliwa. Hakuna anayeruhusiwa kudai kitu bila mashahidi. Basi na sisi tutafanya hivyo hivyo.

Jumatatu nikaingia na sura ya mwenyekiti wa kijiji. Nikawaambia neno kuepua leo limeletwa barazani, hatujui limefanya nini. Simtaki mtu wa kudhani, nataka mashahidi. Shahidi mmoja atoke kwenye picha, mwingine atoke kwenye maneno. Kila mmoja aseme alichokiona kwa macho yake, basi.

Mama, mikono! Mmoja kaona moto uko chini na sufuria iko juu, havigusani. Mwingine kaona vitambaa mikononi, maana yake sufuria ni ya moto. Mwingine akasoma kwamba maharage yameiva. Mwingine akasoma kwamba jiko lilipoa. Nikauliza, baada ya mashahidi wote hao, baraza linasemaje? Binti mmoja mdogo wa mstari wa mbele akasema kama anayesoma tangazo, "Ametoa sufuria kwenye moto." Nilimshangilia kwa vigelegele vyetu vya Bonde, na darasa la jirani likachungulia dirishani kujua nani anaolewa.

Kuanzia hapo tukawa tunaendesha baraza kila siku. Picha nyingine nachora mwenyewe ubaoni na kuzifunika kwa kanga, wanasoma kwanza, halafu nafunua. Unajua nisivyojua kuchora. Nilichora mbuzi wakabishana kama ni mbwa au ni meza, na mtoto mmoja akasema kwa heshima zote, "Madamu, huyu shahidi haeleweki." Nikamfuta mbuzi wangu.

Ugonjwa huo ukatoka nje ya darasa. Mwalimu Mkuu alimtuhumu mwanafunzi wangu kwamba ndiye aliyevunja mti mchanga pale mbele ya ofisi, na wenzake wakamuuliza kwa adabu mashahidi wake wawili ni nani. Alikuja kwangu amekunja ndita. "Mwalimu, unanifundishia wanafunzi au mawakili?" Nikamwambia vyote viwili, mkuu, kwa mshahara uleule. Alitaka kucheka, akajizuia, akaondoka.

Lakini Odetha, mama. Odetha alikuwa anataja mashahidi vizuri kuliko wote. Anaona vitu ambavyo mimi sikuviona, kivuli kimeelekea wapi, mtu ameshika kitu kwa mkono gani. Ila kwenye hukumu ananyamaza. Neno lenyewe maana yake nini, hasemi, anawaachia wenzake. Na Afisa Elimu Kata asingekuja kuuliza mashahidi, angeuliza maana. Mpaka siku inafika sikuwa na hakika naye hata kidogo.

Alikuja juzi asubuhi kwa pikipiki, mama wa makamo, vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi. Wanafunzi wakasimama, "Shikamoo mgeni wetu," wakakaa. Akatoa kitabu chake mwenyewe kwenye mkoba, kitabu ambacho hakuna mtu pale alikuwa amekiona, hata mimi. Mwalimu Mkuu akaketi nyuma na kalamu yake. Nikasimama ukutani, mikono nyuma.

Akawaita mmoja mmoja mbele, wakasoma, wakajibu, wengine vizuri, wengine kwa kusukumwa kidogo. Akafika kwa Odetha. Akampa ukurasa wa bibi na mvua. Odetha akasoma kwa sauti, na sisi wote tukasikia. Mvua ilinyesha tangu alfajiri. Upepo ulipenya kwenye nyufa za mlango. Bibi alijikunyata kando ya moto, akamwita mjukuu wake amletee shuka.

"Vizuri," akasema afisa. "Bibi alijikunyata. Maana yake alifanya nini?"

Akageuza kitabu ili darasa zima lione picha. Picha yenyewe, mama, sijui aliyechora alikuwa anawaza nini. Bibi ameketi wima kwenye kigoda, mguu mmoja kaunyoosha, anatabasamu, kama anapigwa picha ya kitambulisho. Shuka hamna, mvua hamna. Watoto wawili watatu hawakuvumilia, wakanong'ona kwa nguvu, "Alikaa. Alicheka." Afisa akawanyamazisha kwa kidole na kumtazama Odetha.

Odetha akainamisha kichwa. Ule ukimya wake ninaoujua. Nikamwona Mwalimu Mkuu anashusha kalamu kwenye karatasi. Nilitamani kusema kitu, chochote, nikauma ulimi.

Ndipo akasema polepole, "Nimeona mvua kwenye maneno. Nimeona upepo unaingia. Nimeona bibi yuko karibu na moto na bado anaomba shuka."

"Na kwenye picha?"

"Kwenye picha anacheka."

"Kwa hiyo?"

Akaitazama ile picha kwa muda, halafu akanyanyua uso na kumtazama afisa machoni, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya kwa mtu mzima yeyote. "Shahidi wa picha hakuwepo siku ya mvua," akasema. "Hawa wa kwenye maneno walikuwepo. Bibi alifanya hivi." Akakaa sakafuni mbele ya watu wote, akavuta magoti mpaka kifuani, akajikumbatia, akaficha kidevu, mabega yakapanda mpaka masikioni. Yule mtoto mrefu akawa kitu kidogo kabisa pale chini. Ukimtazama tu ulisikia baridi.

Afisa akafunga kitabu. "Hilo neno uliwahi kulisikia wapi?"

"Sijawahi kulisikia," Odetha akasema akiwa bado amejikunyata. "Nimeliona."

Sikujizuia, mama. Machozi yalinitoka mbele ya serikali. Afisa alimwinua mwenyewe kwa mkono, akamfuta vumbi kwenye sketi, akamgeukia Mwalimu Mkuu. "Huyu na darasa la kwanza wapi na wapi? Mtoto anaipinga picha ya kitabu na anashinda." Mwalimu Mkuu akasimama, na unajua akasema nini? Akasema, "Hapa kwetu ndivyo tunavyofundisha, bosi." Tunavyofundisha! Mtu aliyeniambia nazalisha mawakili. Nimemsamehe kwa sababu jioni alinitumia kuku mzima, na hakutoa hotuba.

Odetha anaingia darasa la tatu mwezi wa kwanza. Hakuna hata mmoja wa darasa langu aliyerudishwa. Na afisa amesema muhula ujao walimu wa madarasa ya chini wa kata nzima wakusanyike hapa, niwaonyeshe baraza la maneno. Zubeda, hapo usiruke, rudia tena kwa sauti, na baba mdogo asikie. Mimi niliyeambiwa nikajifunze ushonaji nitasimama mbele ya walimu wenzangu, na sitavaa kanga juu ya sweta siku hiyo.

Baba yake Odetha hakuwepo, alikuwa Kibondo na maharage yake. Kwa hiyo leo asubuhi niliposikia hodi na kumwona mlangoni, nilidhani amekuja kushukuru, na nilishajiandaa kujibu maneno ya unyenyekevu. "Mwakeye, mwalimu," akaniamkia kwa Kirundi. Amevaa koti lake la kanisani. Nyuma ya koti kulikuwa na mtoto wa kike, kamshika pindo, miguu mitupu imepauka kwa vumbi. Nilijua familia hiyo kwa muda wote huu na sikuwahi kusikia kwamba Odetha ana mdogo wake.

Nikawakaribisha ndani. Hakukaa. Akamsogeza mtoto mbele kwa kiganja, taratibu, kama unavyosogeza kitu usichotaka kimwagike.

"Huyu ni Leokadia," akasema. "Umri wa kuanza shule ulishampita. Sikumleta, mwalimu. Nilisema nisubiri nione shule itamfanya nini dada yake." Akakohoa, akatazama pembeni. "Nimeona. Jumatatu mwandike."

Nikamshika Leokadia mkono, mama.

Uliniuliza mara ya mwisho kama nimeshajaza maombi ya uhamisho wa kurudi Tanga. Sijajaza, na mwaka huu sitajaza, usinune. Nitakuja likizo ya Desemba na utanipikia wali wa nazi mpaka nikome.

Nisalimie baba mdogo, mwambie chumvi si ndugu yake. Nisalimie bibi mzaa baba, mwambie shikamoo yake nimeituma peke yake wala haijachanganywa na ya mtu. Shemeji na watoto wa kaka nawapenda, yule mwenye jina langu aache kula chaki. Shangazi wa Mkanyageni mwambie kanga aliyonipa ndiyo inayofunika picha ubaoni, kwa hiyo na yeye ni mwalimu sasa. Zubeda, asante kwa kusoma, koo likikauka kunywa maji.

Niombee, mama, kama unavyoniombea siku zote baada ya swala. Mimi naenda kutafuta kalamu ya Leokadia.

Ni mimi mwanao wa pili, mwenye domo,
Mwanahamisi